Raha ya Kusuka Ukili

Katika somo hili twataka kueleza habari ya kazi moja ambayo kila mtu wa Pemba aijua kwa macho, lakini katika sisi tushikao kalamu ni wachache waijuao kwa vidole, nayo ni kusuka ukili. Hatutaki kuieleza kama biashara, kwani habari ya bei za mikeka wenye kuuza waijua kuliko sisi. Twataka kuieleza kama jambo la raha: kazi aifanyayo mtu kwa kupenda kwake, shughuli zake za lazima zikiisha, bila ya kuamriwa wala kuhimizwa na mtu. Na tukifika mbele tutaonyesha kwamba raha hii si jambo la kupitisha wakati tu, bali huenda ikawa ndiyo itakayoiokoa kazi yenyewe isipotee.

UKILI NI KITU GANI

Ukili ni utepe mrefu uliosukwa kwa chane za majani. Mikeka yetu mizuri hutokana na ukindu, yaani majani ya mkindu, mti wa jamii ya mtende upendao mabonde na ardhi yenye maji. Majamvi, na vikapu vya kazi nzito, husukwa kwa miyaa, ambayo ni majani mapana na magumu zaidi. Jamvi ndilo tuanikialo karafuu, na kwa hiyo historia ya kisiwa chetu haitengani na kazi ya kusuka. Tangu kimbunga cha mwaka 1872, kilichoangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba salama kwa sehemu kubwa, kisiwa chetu ndicho kitoacho karafuu nyingi zaidi kati ya hivi viwili. Na karafuu isipopata mahali safi pa kuanikwa hupungua thamani yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona karafuu zimekauka vizuri juu ya jamvi, ujue nyuma yake pana vidole vya msusi.

Mkeka huanza hivi. Msusi hukata kuti changa la mkindu kabla halijafunguka, kwani likisha kufunguka na kupigwa na jua mtini huwa gumu. Makuti hayo huanikwa mpaka yawe meupe, na wengine huyachemsha kwanza ili yalainike. Kisha majani huchanwa kwa ukucha au kwa ncha ya kisu, sehemu ngumu ikatupwa, zikapatikana chane zilizo sawa kwa upana. Hapo ndipo penye siri ya kazi njema. Chane zisipokuwa sawa, ukili huenda upogo, na rangi nzuri za namna yoyote haziwezi kuuficha upogo ule.

Chane zitakazotiwa rangi huchemshwa katika maji ya rangi. Wazee wetu walipata rangi nyeusi kwa mizizi ya mdaa, na rangi ya njano kwa manjano yale yale yatumiwayo jikoni; siku hizi rangi nyingi hununuliwa madukani. Wakati wa kusuka, chane huloweshwa kidogo ili zisivunjike, na chane moja ikikaribia kwisha nyingine hupachikwa chini yake, hata usijue ya kwanza iliishia wapi. Ukili ukisha kusukwa, vishungi vilivyotokeza hukatwa, nao ukaviringishwa na kuwekwa mpaka utimie. Ndipo unaposhonwa ukingo kwa ukingo, ukizungushwa na kuzungushwa, hata ukawa mkeka mmoja.

SOKSI ZA NCHI ZA BARIDI

Huenda msomaji akauliza: Je, ni watu wa pwani yetu tu walio na kazi ya namna hii? La, sivyo. Katika nchi za baridi watu hawana ukindu, lakini wana kondoo, na sufu ya kondoo husokotwa ikawa uzi. Kwa uzi huo na sindano ndefu zisizo na tundu, watu wa huko hufuma fulana, kofia, na zaidi ya vyote soksi. Soksi hufumwa kwa kuzungushwa, duru juu ya duru, na sehemu kubwa yake haihitaji fikira nyingi. Ila mfumaji akifika kisiginoni lazima anyamaze na kuhesabu, kwani pale kazi hukunjwa na kugeuka. Mwenye kusuka ukili wa rangi, wenye nakshi, atafahamu mara moja maana ya jambo hili.

Katika visiwa vya Shetland, kaskazini ya Scotland, wanawake walijulikana kwa kufuma huku wakitembea. Walikwenda mbali kuchukua udongo mkavu ambao huko huwashwa kama kuni, wakaubeba mgongoni katika kapu, na mikono yao, iliyokuwa huru, ikaendelea kufuma njia nzima. Tena katika vita vikuu vya 1914 mpaka 1918, watu wa Uingereza na Marekani waliombwa kuwafumia soksi askari waliokuwa katika mahandaki yenye maji na matope, na chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani kilikusanya nyingi sana. Waliofuma hawakuwa wanawake tu, hata watoto wa shule walifundishwa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo kwa ajili yake tumetaja soksi katika somo la ukili. Katika mwaka 1589 Mwingereza mmoja, jina lake William Lee, alibuni mashine ya kufuma soksi. Yasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hati ya kuilinda, kwa kuwahurumia maskini waliopata riziki kwa kufuma kwa mkono. Naye Lee akavuka bahari kwenda Ufaransa kutafuta bahati yake huko. Lakini mashine haikufa. Ilienea, ikaboreshwa, na leo soksi za mashine ni rahisi hata hakuna mtu alazimikaye kufuma zake mwenyewe. Imepita miaka zaidi ya 400 tangu Lee abuni mashine yake. Je, kufuma soksi kwa mkono kumekwisha? Hakukuisha. Hata hivi leo wako watu wengi katika nchi zile, wake kwa waume, wafumao soksi jioni baada ya kazi, ijapokuwa sufu yenyewe huwagharimu kuliko soksi tayari za dukani. Mashine iliwanyang'anya faida, lakini haikuweza kuwanyang'anya raha. Na kwa kuwa raha ilibaki, ujuzi nao ulibaki.

HALI YETU SISI

Mambo kama hayo yametufikia. Mikeka ya plastiki, mepesi, yenye rangi kali, na isiyoogopa maji, imeingia katika nyumba zetu za mjini na za shamba. Kofia zilizoshonwa kwa mashine katika nchi za mbali zauzwa madukani, nazo ni rahisi kuliko zile za vito zishonwazo kwa mkono, kitundu kwa kitundu, kwa subira ya siku nyingi. Hatumlaumu mnunuzi, kwani kila mtu hununua kwa kadiri ya mfuko wake. Lakini twaona wazi kwamba kijana akiulizwa kwa nini hajui kusuka, jibu lake huwa ni moja: haina faida. Akisha kusema hivyo hudhani amemaliza maneno.

Wahenga walisema, Usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi twaongeza hivi: ijapokuwa msala upitao ni mzuri kweli, si lazima kuusahau mbacha, wala mikono iliyousuka.

RAHA ZENYEWE

Basi na tuzitazame raha hizi moja moja, ili asiyezijua apate kuzipima.

Raha ya kwanza ni kwamba vidole hufanya kazi na moyo hupumzika. Mtu asomaye kitabu hawezi kuzungumza. Mwenye kulima hupungukiwa na pumzi za kuzungumza. Lakini msusi aliyezoea husuka huku akisikiliza habari, akijibu swali la mtoto, akicheka na jirani. Vidole vyake vyajua njia kama punda ajuavyo njia ya kurudi nyumbani. Na mtu mwenye mawazo mazito huona kwamba mawazo yale, yakitembea pamoja na vidole, hupungua ukali wake. Hatusemi kwamba ukili huponya huzuni. Twasema huipa huzuni kazi ya kufanya.

Raha ya pili ni kwamba kazi hii huchukulika. Mkulima hawezi kulibeba shamba lake, wala fundi wa mashua hawezi kuibeba mashua. Ukili hutiwa kikapuni pamoja na chane zake, ukaenda na mwenyewe popote: kwa jirani, shambani kulinda mpunga usiliwe na ndege, au Mkoani kungojea chombo. Maisha yetu yana kungoja kwingi, nako kungoja humchokesha mtu kuliko kazi. Lakini mwenye ukili mkononi hangoji. Yeye yumo katika shughuli zake, na chombo kikichelewa hupata dhiraa moja zaidi.

Raha ya tatu ni kubwa, nasi twaomba wanaume waifikiri vizuri. Kazi nyingi za nyumbani huliwa na siku ile ile. Chakula hupikwa, kikaliwa. Uwanja hufagiwa, ukaangukiwa na majani. Maji huchotwa, yakatumiwa. Na kesho yote huanza upya kana kwamba hakuna kilichofanywa. Mwanamke aweza kufanya kazi mwaka mzima, na mwisho wa mwaka asipate kitu cha kuonyesha kwa kidole na kusema, Hiki ni kazi yangu. Lakini ukili hauliwi. Pima aliyoisuka jana ipo leo, na ya leo itakuwapo kesho. Kila jioni huunyoosha mikononi mwake, akaupima, akaona umeongezeka. Haba na haba hujaza kibaba. Na katika shughuli zake zote, ukili ndio kibaba asichokiona kikimwagwa kila siku.

Raha ya nne ni uhuru wa kuchagua. Katika mambo mengi twafuata amri: karani hufuata barua ya mkubwa wake, mwalimu hufuata ratiba, mkulima hufuata mvua. Lakini msusi akikaa mbele ya chane zake, nyekundu, nyeusi, na nyeupe, ni yeye aamuaye ipi itangulie na ipi ifuate. Akipenda mistari, hupiga mistari. Akipenda mapambo yapindayo kama mawimbi, hufanya hivyo. Na akichoka na nakshi aliyoanzia, huibadili. Ndiyo maana mikeka miwili ya wasusi wawili haifanani kabisa, hata ikiwa imesukwa katika uwanja mmoja kwa ukindu wa bonde moja.

Raha ya tano ni kutoa. Mkeka wa kununua ni zawadi, lakini mkeka uliosukwa na mtoaji ni zawadi na siku zake alizokaa nao. Msala aliosukiwa mzee na mjukuu wake, mkeka wa bibi arusi uliosukwa na shangazi yake, huo haupimwi kwa fedha. Kila autandikapo hukumbuka mikono iliyousuka. Na msusi naye, akiwa bado asuka, huwa anamfikiri yule atakayeupokea, hata ukili mzima ukawa kama barua ndefu isiyo na herufi.

Wanaume nao wasidhani kwamba raha hizi zimefungiwa kwao. Mvuvi wa Kojani afumaye wavu wake ufukoni, na kijana ashonaye kofia ya vito barazani, wote wawili wazijua, hata wasipokuwa na jina la kuziitia. Kazi zatofautiana, lakini utulivu ni ule ule.

SWALI LA HAKI

Hapa msomaji mmoja atatuuliza, tena kwa haki: Nyinyi mlio na mishahara mwasema habari ya raha, lakini wako akina mama ambao ukili ni daftari na sare ya shule ya mtoto wao. Je, raha hujaza chungu?

Twajibu hivi. Raha haijazi chungu, wala hatumwambii asukaye kwa ajili ya riziki kwamba aache kutaka bei nzuri. Haki yake ni kubwa kuliko aipatayo. Na anunuaye mkeka kwa kubembeleza bei mpaka ikalingana na ile ya plastiki, afaa kujua kwamba ananunua jioni nyingi za mtu. Lakini hatari tuionayo ni hii: kazi ikishikwa kwa ajili ya fedha peke yake, siku fedha ikipungua mkono huiachia. Na ikisha kuachiwa na mama, binti hataikuta. Na ikisha kukosekana kwa binti, hata bei ikipanda tena siku za mbele, hatakuwapo wa kuisuka. Raha ndiyo ihifadhiyo ujuzi katika miaka ya bei mbaya. Basi atakaye faida ya kesho asidharau raha ya leo.

MANENO KWA WALIMU

Twawaomba walimu wasikilize mambo matatu. La kwanza, ukili usifanywe adhabu. Mtoto akiambiwa, Kwa kuwa umechelewa utasuka pima mbili, hatausahau uchungu ule maisha yake yote, nao utakuwa uchungu wa ukili. La pili, waanzieni watoto kwa ukili mwembamba wa chane chache, wavulana na wasichana pamoja, nao waitiwe bibi mmoja wa kijijini aje kuwaonyesha, kwani yeye ndiye mwalimu wa kweli katika somo hili. Watoto wakimwona bibi yao amekaa mahali pa mwalimu watajifunza pamoja na ukili somo la pili, la heshima.

La tatu, ukili ni hesabu. Mfano: mkeka una urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na nusu. Eneo lake ni mita 3 za mraba. Ukili wenyewe una upana wa sentimita 5. Je, utahitajiwa ukili wa urefu gani? Mtoto atagawanya 3 kwa 0.05, akapata mita 60. Tukihesabu kwamba pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa, ni kama mita 1.8, ukili ule utakuwa kama pima 33, bila ya kuhesabu zinazopotea katika kukata na kupinda. Na msusi akisuka pima moja kila jioni, ni jioni ngapi? Mtoto atajibu, Zaidi ya mwezi mmoja. Hapo mwalimu na amuulize tena: Je, sasa waonaje bei ya mkeka? Swali hilo halimo katika vitabu vya hesabu, lakini jibu lake lafaa kujulikana.

MANENO KWA MASHEHA

Kazi hii haiwezi kuwapo bila ya mkindu, na mkindu hauwezi kuwapo bila ya mabonde yake. Mkindu hukua kwa vichaka, mashina mengi pamoja, nao hustahimili kukatwa ukikatwa kwa adabu. Mwenye adabu huchukua kuti changa, akaliacha linalofuata likue na kufunguka, ili mti upate majani ya kuishi kwayo. Asiye na adabu huchukua kila kinachochomoza, au hulikata shina zima ili asipande; na mwaka wa pili huja akalalamika kwamba ukindu umekwenda mbali. Bandu bandu huisha gogo. Basi masheha wawaonye watu wao, na panapofyekwa bonde kwa ajili ya mpunga, kingo za bonde ziachiwe mikindu. Penye msitu wa hifadhi, kama vile Ngezi, watu wafuate sheria zake, wasikate bila ya ruhusa.

MWISHO

Kwa nyinyi nyote msomao haya, ushauri wetu ni mdogo. Usianze na mkeka, mkeka utakutisha. Mwendee mtu wa nyumbani kwako ajuaye, mwambie, Bibi, nifundishe, nami nimekuja na chane zangu. Suka shubiri moja, uitazame, uifumue, usuke tena. Vidole vitakuwa vizito siku za mwanzo, kisha siku moja utaona umezungumza na mwenzako muda mrefu bila ya kuitazama mikono, na ukili umeshuka mpaka magotini. Siku hiyo utakuwa umeijua raha tuliyojaribu kuieleza hapa kwa maneno mengi. Na ukisha kuijua, umfundishe mwingine kabla ya masika.